Mjane wa Kwenye Filamu ya Pombe

Kabla sijaja Dubai nilikuwa mtafsiri wa filamu. Sisemi mtafsiri wa kukaa ofisini na kamusi. Nilikuwa mtafsiri wa banda la video kule Temeke, Dar es Salaam. Unakaa mbele karibu na televisheni, kipaza sauti mkononi, filamu ya Kizungu au ya Kichina inakwenda, na wewe unawasemea wote: mzee, mtoto, mwanamke, polisi, hata mbwa akibweka. Ukishindwa kusikia mtu kasema nini, unamtungia. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili yetu zaidi kuliko kwa ajili ya filamu yenyewe, na banda letu lilijaa mpaka wengine wakasikilizia nje, chini ya dirisha.

Hapa Dubai hakuna aliyeijua habari hiyo. Nafanya kazi kwenye dobi kubwa huko Al Quoz, tunafua mashuka na mataulo ya hoteli, na mimi niko upande wa pasi ya mvuke. Basi la kampuni linatuchukua asubuhi na kuturudisha jioni. Nalala Al Muraqqabat, kwenye chumba cha vitanda vya juu na chini, wanaume watupu. Ghorofa moja chini yetu anakaa mama wa Mombasa na mumewe ambaye ana duka la manukato. Huyo mama anapika nyumbani mahamri, pilau na samaki wa kupaka, na Jumapili sebule yake huwa wazi kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliye na siku ya mapumziko. Unavua viatu mlangoni, unasalimia, unapewa chai ya maziwa bila kuulizwa.

Jumapili moja televisheni yake ilikuwa inaonyesha filamu ya Kihindi yenye maandishi ya Kiarabu. Tulikuwa tumekaa tunaitazama kama watu wanaotazama mvua. Mimi Kihindi sijui hata neno, lakini mama mkwe mkali anajulikana kwa lugha yoyote. Nikaanza kumsemea, polepole kwanza, kisha kwa sauti yangu ya zamani. Mama mwenye nyumba aliweka sinia chini akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe una kazi hii na wanyamaza?" akaniambia. "Kuanzia leo hakuna filamu kwangu bila wewe."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili baada ya adhuhuri tulishusha sauti ya televisheni, na mimi nikaketi kwenye kigoda kando yake nikatafsiri.

Kati ya wageni wa kila wiki alikuwepo mlinzi mmoja Mkenya, mtu wa bara, mrefu, mgongo wake haujapinda hata akiwa kwenye kochi. Alikuwa analinda jengo la makazi huko Jumeirah Village Circle. Tulimwita Afande, kama walinzi wengi wanavyoitwa na Wakenya, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza jina hilo lilitoka wapi. Alikuwa mpole, hana maneno mengi. Akimaliza chai anaosha kikombe chake mwenyewe, anakifuta, anakirudisha kabatini kishikio chake kikiangalia nje.

Ndiye aliyemleta dada wa Kisumu. Dada huyu alikuwa analea watoto wa familia moja kwenye jengo lile lile analolinda Afande, na madam wake alikuwa anampa Jumapili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kicheko kikubwa na tabia ya kuzungumza na watu wa kwenye filamu kana kwamba wanamsikia. "Usiingie hapo, wewe! Si nimekuambia?" Kwa mtafsiri, mtu kama huyo ni zawadi. Jumapili ambayo hakuja, hata mimi nilichoka mapema.

Nilijua Afande anampenda kabla yeye mwenyewe hajajua. Alianza kuniletea shati lake la Jumapili nimpigie pasi ya mvuke kazini. Chai ilipoletwa, alimtilia yeye kwanza. Dada akicheka, Afande aliangalia miguu yake mwenyewe na kutabasamu, kama mtu aliyesifiwa.

Filamu ya pombe aliileta yeye, Afande, ndani ya flashi.

"Leo tutazame filamu ya kazi," alisema.

"Kazi gani?" mama akauliza.

"Ya askari. Ni hadithi ya zamani, Marekani. Serikali yao iliwahi kupiga marufuku pombe nchi nzima. Sasa kuna jambazi anaitengeneza na kuiuza kwa siri, na kuna askari wachache wasiokula rushwa wanamsaka."

"Pombe? Nyumbani kwangu?"

"Ni marufuku, mama. Filamu nzima wanaipinga."

Mama akafikiri kidogo. "Basi hao askari wana dini. Weka."

Ilikuwa filamu nzuri, siwezi kusema uongo. Jambazi alikuwa mwanamume mnene mwenye kiwanda cha mikate. Mchana anagawia masikini mikate ya bure, na chupa zinasafiri chini ya magunia ya unga. Mkuu wa askari alikuwa mzee mwenye kikohozi, hana tena mke, anakula kwenye mkebe. Nilimpa jambazi sauti nene ya tajiri wa Kariakoo, na yule mzee nikampa sauti ya mwalimu mkuu. Sebule ilichangamka. Dada wa Kisumu alikuwa upande wa jambazi tangu mwanzo. "Toroka, baba, wako kwa ngazi!" alimwambia. Afande alikuwa upande wa askari, na kila mara akitueleza kidogo: kwa nini wawili wanazunguka nyuma ya nyumba, kwa nini mmoja anabaki na gari. Tulidhani ni maarifa ya ulinzi.

Katikati ya filamu askari wanapata habari kuwa pombe nyingine hutengenezwa majumbani. Wanakwenda kwenye nyumba ya mjane mmoja, wanavunja mlango, wanaingia jikoni na shoka. Kuna mtambo mdogo juu ya jiko. Mjane ameshika aproni yake kajifunika nayo mdomo. Nyuma yake kuna watoto. Yule mwanamke hasemi neno hata moja, filamu haikumpa cha kusema. Anasimama tu, vyombo vikivunjwa na sakafu ikilowa.

Mimi, kwa mazoea ya banda, sikuweza kuacha mtu akae kimya kwenye kioo. Nikampa askari maneno: "Mama, toka jikoni, leo serikali ndiyo inayopika!" Na mjane nikampa sauti nyembamba ya panya: "Uwii, mtambo wangu! Uwii, jamani!" Watu wakacheka.

Afande naye akacheka, kisha akasema, "Hawa wanapoteza wakati na shoka. Sisi tulikuwa tunamwaga pipa, halafu sufuria tunaitoboa na msumari. Ikishatobolewa, imekwisha. Hata maharagwe haipiki."

Dada wa Kisumu hakuwa amecheka. Aliweka kikombe chake mezani.

"Sisi nani?" aliuliza.

Afande akamgeukia. "Polisi. Nilikuwa polisi nyumbani, kabla nije huku. Kikosi chetu kilikuwa cha kusaka chang'aa."

Chang'aa ndiyo ile pombe ya kienyeji ambayo sisi kwetu tunaiita gongo. Wakati huo, huko kwao, kuipika lilikuwa kosa.

"Ulikuwa wapi?"

"Upande wa Bonde la Ufa. Mbali na kwenu."

"Si mbali," alisema. "Sufuria zilitobolewa kila mahali."

Nilichukua rimoti nikasimamisha filamu. Mjane akaganda kwenye kioo na aproni yake. Dada hakupandisha sauti, na nadhani ndiyo sababu kila mtu alimsikia.

"Mama yangu alikuwa anapika chang'aa. Baba alipokufa alituacha wadogo, na mama hakuwa na shamba, hakuwa na kitu. Alipikia nyuma ya nyumba, karibu na mto. Hiyo ndiyo ilinisomesha. Hiyo ndiyo ilinivalisha viatu. Mlikuwa mnakuja alfajiri. Hamkubishi. Mlango wetu ulipigwa teke mpaka ukakosa bawaba, tukawa tunauegemeza tu. Mimi nilifundishwa kulala juu ya mtungi, najifunika blanketi, najifanya niko na malaria. Siku moja askari alinivuta mguu akanitoa kitandani. Mama akapelekwa seli. Tulibaki na ile sufuria yenu ya tundu. Ndugu yangu mdogo aliziba tundu na ugali ili tupikie ugali. Uliza kama ulishika."

Kutoka msikitini adhana ya alasiri ilianza, na mume wa mama akainuka taratibu akaenda kutawadha.

"Sikujua," Afande alisema.

"Hukujua nini? Kwamba tulikuwa tunakula?"

Dada akachukua mkoba wake, akamshukuru mama kwa chai, akavaa viatu mlangoni, akatoka. Afande aliinuka nusu, kisha akakaa tena. Filamu hatukuimaliza siku hiyo.

Jumapili iliyofuata dada hakuja, wala ile nyingine. Afande aliendelea kuja, lakini shati hakuniletea tena. Siku moja tulitembea pamoja kutoka kituo cha metro kuelekea kwa mama, jua bado likichoma, na akaniambia yale ambayo nadhani hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Kila asubuhi anashuka na watoto, namfungulia mlango. Ananiambia 'morning.' Vile madam anavyoniambia. Vile anavyomwambia kila mtu. Ananipita kama nguzo."

"Umejaribu kuongea naye?"

"Nimwambie nini? Niombe msamaha kwa niaba ya serikali? Hiyo nyumba sikuingia mimi."

"Lakini uliingia nyingine."

"Niliingia nyingine," akasema.

Nilitaka kumuuliza kwa nini aliacha upolisi, lakini tulikuwa tumefika kwenye ngazi na harufu ya vitunguu vya mama ilikuwa imetufikia, nikaliacha swali. Mwenyewe nilikuwa na mawazo yangu. Ile sauti ya panya niliyompa mjane ilikuwa inanirudia nikiwa kwenye pasi, katikati ya mashuka. Miaka yote ya banda niliwachekesha watu kwa wanawake wanaolia, kwa sababu ndicho kitu rahisi zaidi kuchekesha. Sikuwahi kukaa na mmoja wao sebuleni.

Aliyetatua jambo hilo ni mama. Siku moja, tukiwa tumekaa na chai zetu, alichukua simu yake, akampigia dada wa Kisumu, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie.

"Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

"Hapana, mama, wewe hujanikosea."

"Basi kwangu mbona huji? Hao waliogombana nawe ni wageni kama wewe. Nyumba ni yangu. Na filamu haijesha, mimi nataka kujua yule mnene amekamatwa ama la."

Upande wa pili zilisikika kelele za watoto kwenye bwawa la kuogelea.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Lakini yule mama wa jikoni asisemewe vile tena."

Mama aliniangalia. Nikaisogelea simu. "Dada, ni mimi mtafsiri. Ukija, utamsemea wewe mwenyewe. Mimi nitakaa kando."

"Ati nimsemee?"

"Filamu haikumpa maneno. Mpe wewe."

Alikuja. Alisalimia kila mtu kwa mkono, na Afande pia, bila kumwangalia usoni. Mama alikuwa amepika pilau ya mbuzi kana kwamba ni sikukuu. Tulikula, vyombo vikatolewa, nikairudisha filamu nyuma mpaka pale askari wanaposhuka kwenye gari mbele ya nyumba ya mjane. Sauti nikaizima kabisa.

Mpango wangu ulikuwa mimi niwasemee askari. Lakini shoka lilipoinuliwa, dada alinyoosha mkono kunizuia.

"Si wewe," alisema. "Askari yuko hapa. Aseme yeye."

Afande alishtuka. "Mimi siwezi mambo hayo."

"Ulikuwa unasemaje ukifika? Sema vile vile."

Nilidhani atakataa, pengine ataondoka. Akakaa mbele kidogo kwenye kochi, mikono magotini, akaitazama televisheni. Mlango ulipovunjwa kwenye kioo alisema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, sauti ya amri:

"Fungua! Polisi! Kila mtu atoke nje!"

Ndipo dada akaanza. Hakuigiza. Alisema kawaida tu, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya uzio.

"Afande, ngoja. Usipige kelele, mtoto analala."

"Tunajua unapika hapa. Toa kila kitu."

"Ninapika, sitakudanganya. Umeona moshi. Lakini niangalie kwanza. Unanijua. Jumamosi ulipita barabarani nikakuamkia, ukaniitikia vizuri."

Kwenye kioo shoka lilishuka juu ya mtambo.

"Nani amekutuma?" dada akaendelea. "Ni chifu? Chifu alikaa kwa hicho kiti jana jioni. Kikombe chake hicho hapo, sijakiosha."

Mama alicheka kwa pua, akajizuia. Hata Afande mdomo wake ulicheza.

"Mama, tumetumwa tu," alisema. "Mimi ni mdogo. Nikirudi mikono mitupu nitaulizwa."

"Basi chukua pipa. Mwaga. Lakini sufuria usinitoboe, afande. Sufuria haijavunja sheria. Hiyo tunapikia chakula."

Picha ilikuwa imeshavuka. Askari wa kwenye filamu walikuwa wanatoka nje, gari linaondoka, na hakuna aliyekuwa anaitazama tena. Afande alikuwa amemgeukia dada. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile yake ya kila siku.

"Nikuambie kwa nini niliingia kikosi kile. Sitaki unisamehe, nataka ujue tu. Kaka yangu mkubwa, yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi wa baiskeli, mikono yake ilijua kila kitu. Siku moja walikunywa na wenzake, pombe ilikuwa imetiwa dawa ya kiwandani ili iwe kali haraka. Wenzake wengine walikufa. Yeye aliamka hana macho. Mpaka leo hana macho. Mimi nilikuwa kijana, nikaapa kwamba kila mtungi nitakaouona nitaumwaga. Nilipopewa kikosi hicho nilifurahi."

Dada alitikisa kichwa. "Mama yangu hakuwahi kutia kitu," alisema.

"Najua. Nilikuja kujua baadaye kwamba wengi hawakuwa wanatia. Waliokuwa wanatia walikuwa na malori, na kwa hao hatukutumwa. Tulitumwa kwa akina mama. Niliingia nyumba baada ya nyumba nikimtafuta aliyempofusha kaka, nikakuta watoto. Ndiyo nikaacha. Ningeweza kubaki, wenzangu wako huko, wana vyeo. Nikaja kufungua milango huku."

Hapo dada alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitoa simu akampigia mama yake, kwa video. Ilichukua muda kushika. Kisha akatokea bibi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, amekaa nje ya nyumba ya mabati, kuku wakipita nyuma yake. Walisalimiana kwa lugha yao, wakacheka, kisha dada akageukia Kiswahili.

"Mama, kuna mtu hapa alikuwa askari wa chang'aa. Nataka akuone."

Akampa Afande simu. Sijawahi kuona mtu mrefu vile akiwa mdogo vile. Alisimama, akavuta shati.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa Kiswahili cha heshima ambacho nadhani alikiokota kwetu.

"Marahaba. Wewe ndiye askari?"

"Nilikuwa, mama. Niliacha."

"Ulinishika mimi?"

"Hapana, mama. Sikufanya kazi huko."

"Nilikuwa nafikiria labda ni wewe uliyechukua jogoo wangu." Bibi alicheka sana kwa maneno yake mwenyewe, na nyuma yake mtu mwingine, sikumwona, akacheka pia. "Mimi niliacha zamani. Sasa nauza omena na nyanya. Askari wakipita siku hizi wananinunulia."

Dada alisogeza kichwa kwenye simu. "Mama, kaka yake alipofuka kwa pombe. Ile ya dawa."

Kicheko kilimtoka bibi usoni. Alikaa akimtazama Afande kupitia ule mtandao unaokatika katika.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Nyumbani kwetu, mama, Bonde la Ufa. Anakaa na binamu."

"Nani anampikia?"

"Binamu."

"Anapika vizuri?"

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza swali hilo. "Sijui, mama," alisema. "Nikipiga simu ananiambia yuko sawa."

"Watu wasioona husema wako sawa," bibi akasema. "Si mbali kutoka hapa mpaka kwenu. Huyu akija likizo tutaenda tumwone."

Nilidhani ni maneno ya adabu tu, yale ambayo watu husema kwenye simu. Lakini dada alipokwenda likizo, alipanda gari na mama yake mpaka kwa huyo kaka. Walimpelekea omena, wale dagaa wa ziwani, unga, na shuka mbili. Walikaa kutwa nzima. Bibi alimpikia, akamfulia nguo, akamgombeza binamu kwa uchafu wa jikoni, kisha akakaa naye nje na kumweleza wazi kwamba yeye alikuwa mpishi wa chang'aa, ili asije akasikia kwa mtu mwingine. Kaka alimuuliza kama alikuwa anatia kitu. Akasema hapana. Kaka akasema, "Basi yako ningeinywa." Dada alitusimulia hayo aliporudi.

Kaka alikuwa amemtumia Afande ujumbe wa sauti. Afande aliusikilizia kwenye sebule ya mama, amesimama dirishani, simu sikioni, ametupa mgongo. Aliusikiliza ukaisha, akauanza upya. Mama aliingia na sinia la chai, akamwona, akarudi nalo jikoni.

Baada ya hapo Afande alianza tena kuniletea shati. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi alivyomuuliza dada kama angekubali kuolewa naye. Ilikuwa pale mlangoni pa jengo, mchana, watoto wa madam wakiwa wameshaingia kwenye lifti. Alimwambia kwa ufupi, kama anavyosema kila kitu. Dada akaushika mlango wa lifti kwa mguu, akasema, "Mimi sijui. Muulize mama."

Akampigia bibi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Askari hawakuwahi kubisha hodi kwangu. Wewe kuja ubishe hodi, ungoje uambiwe karibu. Ukingoja vizuri, tutaongea."

Alipopata likizo alikwenda, na kaka yake akafuatana naye. Alibisha hodi. Bibi, alivyo, alikuwa ndani anamsikia, na alimwacha asimame juani kitambo, majirani wakiangalia, kabla hajamwambia karibu.

Sasa dada na Afande wako hapa, mke na mume, wamepanga chumba kimoja mtaa wa pili kutoka kwetu. Dada aliacha kulala kwa madam, anakwenda asubuhi na kurudi jioni, na Afande amehamishiwa jengo jingine karibu zaidi. Kaka anakaa kwa bibi. Wanasema amenenepa, na kwamba amerudia baiskeli, anazipapasa na kumwelekeza kijana wa jirani afanye nini. Sebuleni kwa mama bado tunatazama filamu, ingawa siku hizi sitafsiri peke yangu. Kila mwanamke anayeonekana kwenye kioo, dada hunitangulia kumsemea, na mara nyingi anasema vizuri kuliko mimi. Jumapili iliyopita walichelewa kuja. Mama alikasirika, akisema wali umepoa, akawawekea sahani zao kando na kuzifunika.